Uvimbe Uliojificha Tumboni mwa Mama

Mimi ni muuguzi wa zahanati, na mama yangu nilimtibu mwenyewe, vibaya, kwa karibu miaka miwili. Naanza na hilo kwa sababu ndugu zangu wakisimulia ugonjwa wake hunisifu. Husema bila mtoto wake nesi, mama angeshazikwa. Mimi hunyamaza, na mama naye hunyamaza, ila hunitupia jicho.

Nafanya kazi Maore, huku chini kwenye joto na mashamba ya mpunga. Mama anaishi Bombo, juu mlimani, katika nyumba aliyoachiwa na baba, yeye na migomba yake, maharage na kipande cha tangawizi kwenye mteremko. Kutoka kwangu hadi kwake ni bodaboda ya kona na mawe, na mvua ikinyesha ile njia unaimaliza kwa miguu. Nilikuwa nampandia Jumamosi mbili kwa mwezi. Alikuwa amevuka miaka sitini, mzee wa kanisa, mwanamke mwembamba asiyependa kuguswaguswa wala kuulizwa habari za mwili wake.

Alianza kwa kusema tumbo linamuwaka, chini ya kifua, hasa akilima kwa kuinama. Nikampa dawa za vidonda vya tumbo, zile ninazowapa watu kila siku. Akatulia miezi kadhaa, maumivu yakarudi, nikampa tena. Baadaye nikaona anapumzika njiani. Kutoka kisimani hadi nyumbani, njia aliyokuwa akiipanda na ndoo kichwani huku anaongea, sasa alikaa kwenye jiwe mara mbili. Nikamshika mkono nikaugeuza. Kiganja kilikuwa cheupe. Nikapima damu, ikawa pungufu sana. Nikajiambia ni umri, ni minyoo, ni kula makande kila siku bila nyama. Nikampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu.

"Mama, vidonge hivi vitafanya choo chako kiwe cheusi," nilimwambia. "Usishtuke. Ni kawaida."

Sentensi hiyo nawaambia akina mama wajawazito kila siku ya kliniki. Ni kweli kabisa. Madini ya chuma yaliyomo humo hubadilisha rangi ya choo. Mama alinitazama kidogo kama anayetaka kusema kitu, kisha akavifunga vidonge kwenye pindo la khanga.

Alianguka Jumapili moja, nje ya kanisa, ibada ikiwa imekwisha na watu wamezunguka mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka. Sikuwepo. Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyenipigia simu. Alisema dada yake alikuwa amenyoosha mkono kutaja bei ya mkungu wa ndizi, mkono ukabaki juu, kisha akashuka mwili mzima kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Walimlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu wakamteremsha. Niliwapokea barabarani Maore, nikapanda nyuma pale pale na sare yangu, tukaifuata barabara ya Kisiwani hadi Same. Vumbi la njia nzima tulilila. Mama alikuwa na fahamu lakini midomo ilikuwa rangi ya majivu, na mapigo ya moyo yalikwenda mbio chini ya vidole vyangu.

Pale hospitali ya Same alitupokea daktari wa kike, kijana kuliko mimi, mwenye sauti ya chini. Damu ya mama ilikuwa imeshuka kiasi kwamba aliagiza chupa za damu kwanza, maswali baadaye. Mjomba na mimi tulijitolea. Ilipoanza kuingia, daktari akavuta kiti.

"Choo chake kikoje?" akaniuliza.

"Cheusi," nikajibu haraka, "lakini anatumia vidonge vya damu."

"Kilianza lini kuwa cheusi? Kabla ya vidonge au baada?"

Sikuwa nimemuuliza. Miaka kumi na tisa kazini na sikuuliza. Mama akajibu kutoka kitandani, macho yakiwa yamefumbwa.

"Kabla. Kilikuwa kinanata kama lami, na harufu yake si ya kawaida. Siku ile nilitaka kumwambia. Akaniwahi, akasema kitakuwa cheusi nisishtuke. Nikaona kumbe anajua."

Daktari hakunitazama. Nafikiri alifanya hivyo kwa huruma. Alimwomba mama ruhusa, akampapasa tumbo, taratibu, pande zote, kisha akarudi upande wa kushoto, chini ya mbavu, akakaa hapo. Akauchukua mkono wangu akauweka.

"Bonyeza kidogo. Unasikia?"

Nilisikia. Kitu kigumu, cha mviringo, kikipanda na kushuka kwa pumzi ya mama. Mwili ulionizaa, niliokuwa nauletea dawa mara mbili kwa mwezi, nilikuwa sijawahi kuligusa tumbo lake hata mara moja.

"Hivi si vidonda vya tumbo tu," daktari alisema. "Nitawapa rufaa."

Kwenye hospitali ya rufaa ya Moshi walitaka kumpima kwa kamera, ule mpira mrefu mwembamba wenye taa mbele, unaopitia mdomoni hadi tumboni. Mama akakataa. Alisema yeye hajawahi kumeza kitu ambacho upande mmoja kimeshikwa na mtu mwingine. Nilianza kumweleza kwa maneno ya kitabibu, akanigeuzia mgongo. Aliyemweza ni mhudumu wa chumba hicho, mama mmoja mnene mcheshi, aliyemketisha na kumwambia, "Bibi, mimi mwenyewe nimemeza. Utajisikia kutapika, utanishika mkono, utaniumiza kidogo, halafu tutakuwa tumemaliza." Mama akauliza kama watakiona na alichokula jana. Yule mhudumu akasema wataona kila kitu. "Basi mtaona makande," mama akasema, akafungua mdomo.

Walikata vinyama vidogo ndani ya tumbo vikapelekwa maabara. Baada ya siku kumi na mbili tukarudi kuchukua majibu. Karatasi ilisema kidonda na mchomo wa kawaida, hakuna dalili ya saratani.

Niliisoma pale pale kwenye korido, mara tatu, nikampigia mjomba. Nilimsikia akipiga kelele za shukrani huko mlimani. Nilijisikia mwepesi kwa namna ambayo sasa naionea haya, kwa sababu sehemu ya wepesi ule haikuwa kwa ajili ya mama. Ilikuwa kwa ajili yangu. Kama si saratani, basi sikuwa nimekosea sana.

Daktari bingwa wa tumbo, mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni, hakushangilia. Alituita ndani, akaisoma karatasi, akaiweka chini.

"Mama yangu, hii karatasi ni ya kweli, lakini haijajibu nilichouliza," alisema. Akaenda kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, akachukua mto akausukuma chini ya shuka, pakatokea kilima. Akaufinya ule mfuniko wa shuka kwa vidole viwili. "Kamera ilinionyesha kitu kama hiki. Ngozi ya ndani ya tumbo ni nzuri, ila imesukumwa na kitu kilicho chini yake. Juu yake pana kidonda kidogo kinachovuja damu. Kibano changu kilikata hapa, kwenye shuka. Maabara wamesema shuka ni zima. Mimi nataka kujua habari za mto."

Mama akautazama ule mto muda mrefu.

Alipimwa kwa mashine kubwa ya CT, na picha zikaonyesha uvimbe kwenye ukuta wa tumbo, mkubwa kuliko chungwa, ukiwa umeota kuelekea nje. Haukuwa umeshika ini wala kitu kingine. Daktari alipendekeza upasuaji bila kusubiri. Mama akasema atakwenda kwanza nyumbani kuongea na ndugu yake.

Tulikutana sebuleni kwa mjomba, Bombo. Mjomba wangu ni mtu mwema na mwenye sauti kubwa, na siku hiyo alikuwa na hofu, jambo lililoifanya sauti izidi. Alikuwa ameiomba ile karatasi ya maabara, akaishika kama anayeshika hati ya kiwanja.

"Hapa imeandikwa hakuna saratani. Wataalamu wameandika. Sasa mnataka kumpasua dada yangu kutafuta kitu ambacho wenyewe wamesema hakipo?"

"Mjomba, hawakukifikia," nikasema. "Walikata juu juu."

"Wewe ulisema vidonda. Hawa wanasema si vidonda, si saratani. Wa nne atasema nini? Watu wanaenda kupasuliwa wakitembea wanarudishwa wamelala."

Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua maharage kwenye ungo, kama vile anazungumzwa mtu mwingine. Aliendelea mpaka akamaliza kiganja alichokuwa nacho.

"Mdogo wangu," akasema, "kitu kinakunywa damu yangu. Nimeongezwa damu ya kwako na ya huyu, nayo kitainywa. Kitolewe. Jina lake watatafuta kikiwa nje."

Mjomba akaikunja ile karatasi akamrudishia. Kisha akatoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, na tulipomfuata alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

Upasuaji ulichukua asubuhi nzima. Mjomba na mimi tulikaa kwenye benchi la saruji nje. Alileta Kitabu cha Nyimbo lakini hakukifungua. Daktari alipotoka alisema wameutoa wote, pamoja na kipande cha tumbo kilichokuwa kimeushika, na haukupasuka, jambo alilolirudia mara mbili ndipo nikajua uzito wake, kwani ungepasuka ungemwaga chembe zake tumboni. Maabara ya pale iliona tangu mwanzo kwamba hizi si chembe za saratani ya tumbo iliyozoeleka. Ili kujua ni nini hasa, sampuli ilibidi iende Dar es Salaam kupakwa rangi maalumu inayoshika aina fulani tu ya chembe. Tungesubiri.

Tulisubiri wiki tano. Mama alikaa kwangu Maore, akilalamikia joto, mbu, na maji ambayo alisema yana ladha ya bomba. Tumbo lake lililopunguzwa lilipokea vikombe vidogo vya uji na ndizi zilizopondwa, mara sita kwa siku. Nilikuwa namwosha kidonda mwenyewe. Siku moja mchana, nikiwa nabandika plasta, nikashindwa kuendelea. Nilipiga magoti pale kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe."

Hakuniuliza kwa lipi.

"Nilikukasirikia," akasema. Aliongea Kipare, lugha yake ya mambo mazito. "Siku ile Same, nimelala pale, nilikukasirikia sana. Si kwa sababu hukujua ugonjwa. Hata madaktari wakubwa hawajui, si bado tunasubiri? Nilikasirika kwa sababu hukuniuliza. Angekuwa mama wa mtu mwingine ungemuuliza. Ungemlaza, ungempapasa. Mimi ulifika, ukala, ukaniachia vidonge, ukaondoka."

"Nilidhani hutaki kuulizwa."

"Sitaki," akasema. "Lakini wewe ni nesi."

Nililia. Aliniacha nilie kiasi, kisha akaweka mkono kichwani kwangu, mkono mwepesi uliokuwa umeanza kupata rangi. "Haya. Nimekusamehe tangu juzi. Malizia plasta, napigwa na upepo."

Majibu yalipofika, daktari bingwa alituita tena. Tulikuwa watatu, mjomba akiwa amevaa koti lake la kanisani.

Alituambia ni saratani, ya aina adimu. Saratani ya tumbo tuliyozoea kuisikia huanzia kwenye ngozi ya ndani, ile inayogusana na chakula. Hii ya mama ilikuwa imeanzia ndani ya ukuta wenyewe, kwenye chembe zinazoliamuru tumbo lisukume chakula. Ndiyo maana ilikua kimyakimya bila kuziba njia, na ndiyo maana kibano hakikuifikia. Alisema wapo waliofanya kazi ya udaktari mpaka wakastaafu hawajaikuta kwa mgonjwa wao hata mmoja.

"Kwa hiyo ni saratani," mama akasema. "Mwanzo mlisema si."

"Mwanzo sikuwa nimeifikia, mama. Ni saratani."

"Asante kwa kulisema hivyo."

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. Daktari akaendelea kwamba dawa za saratani za kutundikiwa, zinazonyonyoa nywele, hazisaidii kitu kwa aina hii. Lakini kuna kidonge. Chembe hizi hukua kwa sababu kuna mahali ndani yake pamekwama, pamebaki pakiamuru "ongezeka, ongezeka" bila kikomo, na kidonge hicho huenda kuziba mahali hapo hapo. Kwa kuwa uvimbe ulikuwa mkubwa na chembe zilikuwa zinagawanyika kwa kasi, hofu ni kwamba unaweza kurudi. Mama angemeza kidonge kila siku, akiwa ameshiba, kwa miaka mitatu. Dawa tungeifuata Dar es Salaam, kwenye mpango unaoitoa kwa wagonjwa wa aina hii. Ile rangi ya maabara ndiyo iliyokuwa tiketi yetu.

"Miaka mitatu!" mjomba akashtuka.

"Mtoto hunyonyeshwa miwili," mama akamjibu. "Mmoja zaidi ni nini?"

Alirudi kwake Bombo, na haikuwa rahisi kama alivyosema. Kichefuchefu kilimpata wiki za mwanzo, kikaisha. Misuli ya miguu ilimkaza usingizini. Kila asubuhi aliamka kope zimevimba kama mtu aliyelia msibani, na majirani wakaanza kumpa pole bila kujua ya nini. Hayo yote daktari alikuwa ametutahadharisha. Jambo ambalo hatukulipa uzito, ingawa alilitaja, ni ngozi. Taratibu, kuanzia usoni, mama alianza kuwa mweupe.

Mama yangu ni mweusi, mweusi mzuri wa kung'aa, na alikuwa akijivunia rangi hiyo ingawa si neno ambalo angelikiri. Ilipofika mwezi wa saba wa dawa alikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kanisani wakaanza kunong'ona. Mzee wa kanisa, mjane, mwenye wajukuu, anajichubua! Dada mmoja wa kwaya alimwuliza mbele ya wenzake anatumia krimu gani, wakacheka.

Haya sikuyajua. Nilichoona ni kwamba kope hazivimbi tena na miguu haikazi, nikafurahi kwamba mwili umezoea. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kidogo. Nilikaa naye jikoni nikamuuliza, "Mama, unameza vidonge?"

Akachochea moto. "Navimeza."

"Cha jana umemeza?"

Aliingia chumbani, akatoka na boksi akaliweka mapajani mwangu. Vilikuwa vimebaki vya karibu wiki tatu ambavyo alipaswa kuwa ameshavimeza.

Nilipandisha sauti, nakiri. Nilimwambia anataka kunifanya yatima kwa ajili ya maneno ya watu. Naye akapandisha yake, kwa Kipare, mpaka kuku wakatoka nje. Je, nimewahi kusimama kuhesabu sadaka huku watu wanaangalia mikono yangu badala ya sadaka? Je, najua kwamba amejitazama kwenye kioo akamwona mtu asiyemjua? Tumbo limekatwa, akakubali. Macho yamevimba, akakubali. "Sasa na sura yangu pia?"

Nilikuwa nimeuhesabu ugonjwa wake kwa damu, kwa picha na kwa vidonge. Uso wake sikuwa nimeuhesabu.

Nilimpigia daktari simu pale pale, nikaweka sauti ya nje ili mama asikie. Hakumgombeza. Alisema anaelewa, kwamba wengi wanaomeza kidonge hicho hulia kwa hilo kuliko maumivu. Rangi hurejea dawa ikisimamishwa, na ajikinge na jua. Kisha akasema, "Mama, nikikosa usingizi kwa ajili yako, si kwa ajili ya rangi. Ni kwa ajili ya hizo wiki tatu." Mama alishika simu kwa mikono miwili, akasema, "Samahani, mwanangu daktari."

Alhamisi iliyofuata alikwenda kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa. Yaliyotokea huko niliambiwa na watu watatu tofauti, na wote wamekubaliana. Wakati wa matangazo alisimama, akasema anaomba dakika tano. Akatoa boksi la vidonge akaliweka mezani. Akawaambia ana saratani, akaitaja hivyo hivyo, neno ambalo kwetu watu hulizunguka na kuliita "ule ugonjwa." Akasema dawa yake ndiyo inayombadilisha rangi, na atakayetaka kuona alipopasuliwa amfuate nyuma ya jengo. Mmoja akamfuata. Alikuwa yule dada wa kwaya. Waliporudi, walikuwa wameshikana mikono, na yule dada ndiye aliyekuwa analia.

Tangu wiki hiyo ilikuwa vigumu mama kukosa kidonge hata kama angetaka. Mjomba alimpigia kila asubuhi kabla ya kwenda shambani: "Dada, shikamoo. Umekula? Umemeza?" Kama hakupokea, alituma mtu.

Katika mwaka wa pili, tukiwa kliniki Moshi, daktari alitoka nje ya chumba chake akaja moja kwa moja kwenye benchi letu. Alimwomba mama amsaidie. Kulikuwa na baba mmoja, mfugaji kutoka tambarare za chini ya Ndungu, aliyekutwa na ugonjwa huo huo, kwake ukiwa kwenye utumbo mwembamba. Ameshapasuliwa, ameanza kidonge, na sasa anasema anataka kuacha. Mama akainua khanga yake akaenda.

Yule baba alikuwa mrefu, amejifunga shuka, amekaa mwisho wa korido na mkewe. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa namna ninayoijua. Alimwamkia mama, mama akaitikia, akakaa karibu naye bila kukaribishwa.

"Umeona macho yako ukadhani ugonjwa umepanda mpaka kichwani," mama akamwambia.

Akashtuka. "Nani amekuambia?"

"Mimi pia nilidhani hivyo. Sikumwambia hata huyu mtoto wangu. Ni dawa. Ya kwangu yalikuwa makubwa kuliko haya, asubuhi nilikuwa naupapasa mlango."

Mke wake akacheka, wa kwanza kucheka. Yule baba akauliza kama ni kweli mama alipasuliwa, na sasa anafanya kazi gani. Mama akamweleza mashamba yake yote, upande huu na upande ule, mpaka nikamhurumia yule baba. Kisha mama akamuuliza juu ya kinyesi chake, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya mkewe na mbele yangu. Yeye, mama yangu, asiyependa kuulizwa. Yule baba akajibu bila haya. Walizungumza muda mrefu, na alipoitwa ndani aliingia na boksi lake mkononi.

Miaka mitatu ilipotimia, picha zilikuwa safi. Daktari akasema sasa asimamishe dawa. Nilitarajia mama afurahi, lakini alikunja uso.

"Nikiacha, nani atakizuia?"

"Tutakuwa tunakuangalia, mama. Kila miezi sita."

"Kuangalia si kuzuia."

"Ni kweli," daktari akasema. "Si kuzuia. Kikirudi tutakiona mapema, na kidonge bado kipo. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Mama alifikiri, akaitikia kwa kichwa. Nilimheshimu sana daktari yule siku hiyo, kwa kutoongeza neno.

Rangi yake ilirejea polepole, kwanza mikono, mwisho paji la uso. Miguu imeacha kukaza. Hofu haijaacha, kila tukikaribia miezi sita mama hupunguza maneno na mimi hukosa hamu ya kula, na tukiwa kwenye basi la Moshi hatuzungumzii tunakokwenda. Mwezi uliopita tulikwenda tena. Daktari alizitazama picha, akazirudia, mimi nikiwa nimeshika ukingo wa meza yake. Akasema haoni kitu.

Mama akashukuru, akasimama, akajifunga khanga yake vizuri. Akauliza habari za yule mfugaji wa tambarare. Daktari akasema anaendelea, alikuwa hapo wiki mbili nyuma, anameza dawa yake.

"Na macho?"

"Yamevimba."

"Mwambie nimemsalimu," mama akasema.